Tundu Chini ya Pampu

Injini ya pikipiki inayopozwa kwa maji huwa na tundu dogo chini ya pampu yake, kiasi cha kuingia ncha ya bisibisi nyembamba. Wengi wakiliona hudhani ni kasoro ya kiwandani, au kuna skrubu imedondoka hapo. Sivyo. Shafti ya pampu imevishwa sili mbili: moja huzuia maji, nyingine huzuia oili ya injini. Katikati ya sili hizo imeachwa nafasi, na tundu lile ndilo njia ya kutokea kwenye nafasi hiyo. Sili ya maji ikichakaa, maji hudondoka hapo, nje, kila mtu ayaone. Ikichakaa ya oili, hudondoka oili. Aliyeichora injini alijua kwamba siku moja sili itakufa, akaacha mahali pa kutolea habari kabla maji na oili havijakutana ndani.

Mimi ni fundi wa pikipiki hapa Tanga, Ngamiani, na nimelelewa chuo cha Kurani kama watoto wengi wa pwani. Nimezoea kusikia neno kudra tangu sijajua kusoma. Nalipenda, nimewazika wazee wangu kwa neno hilo. Lakini gerejini nalisikia kila wiki, na imenibidi nijiulize: mtu akiharibikiwa, ana haki ya kusema ni kudra ya Mwenyezi Mungu wakati gani? Kabla hajatafuta sababu, au baada? Na akilisema kabla, amemsifu Mungu au amemsingizia?

Kesi iliyonifanya niandike ilikuja imefungwa kamba. Kijana mmoja alikuwa amenunua guta la mizigo, lile la matairi matatu, kwa mkono wa pili, kwa pesa ya mkopo wa kikoba cha mama yake. Akawa anateremsha machungwa kutoka Muheza kuleta Tanga mjini. Njia yenyewe si ndefu, kilometa zipatazo 35, lakini mzigo ni mzito na jua letu unalijua. Karibu na Pongwe injini ikaanza kugonga, kisha ikanoki. Machungwa yakahamishiwa kwenye gari la watu, guta likavutwa hadi kwangu. Mama na mwana walikuja wametulia, hata nikashangaa.

“Shikamoo, fundi,” kijana akasema. “Ndiyo hivyo. Mungu hakupanga.”

Mama akaongeza, “Tushukuru, baba. Chuma kinanunuliwa. Mwanangu hajaumia.”

Kwa la mama nilisema alhamdulillahi kwa moyo wote. La kijana sikulijibu. Nilitaka kwanza nione.

Nikafungua bolti ya kumwagia oili. Oili haikutoka, kilichotoka kilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, kizito, kikateremka taratibu kwenye karai. Fundi yeyote akiona hivyo anajua maji yameingia. Swali ni yameingilia wapi. Aghalabu mtu hukimbilia gasketi ya silinda hedi, kwa sababu ndiyo inayojulikana, na fundi mwenye haraka angeifungua palepale. Mimi nililala chali chini ya guta na tochi mdomoni nikaanza na pampu. Pale penye tundu hapakuwa na tundu. Palikuwa na gundi ya chuma, ile ya mirija miwili inayochanganywa, imekauka, rangi ya kijivu. Aliyeipaka aliilainisha kwa kidole, na mistari ya kidole chake ilikuwa imebaki juu yake, inasomeka kabisa. Kisha alipaka oili chafu na vumbi juu yake ili pafanane na sehemu nyingine za injini.

Hapo kila kitu kilieleweka. Sili ya maji ilikuwa imechoka tangu guta likiwa kwa mwenyewe wa kwanza. Maji yalikuwa yakidondoka, naye akaona kubadilisha sili ni gharama na mnunuzi akiona tone atashusha bei. Akaziba. Maji yakakosa pa kutokea, yakakaa kati ya sili mbili yakisukumwa na presha, mpaka sili ya oili nayo ikasalimu amri. Yakaingia kwenye oili. Oili iliyochanganyika na maji hailindi chuma, na beringi zikasagika huku kijana akiimba njiani na machungwa yake.

Nikamwita kijana, nikamwambia alale chini aangalie. Nikamwonyesha alama ya kidole. “Hii,” nikamuuliza, “ni kudra ya nani?”

Siku hizo nilikuwa na neno zito kifuani na nikalipeleka msikitini. Kuna mwenzetu anayesomesha darsa baada ya Magharibi, mtu mwenye elimu, ninamheshimu. Alinisikiliza kisha akaniambia nichunge ulimi. Sababu, alisema, hazina nguvu zenyewe. Sili haiharibu wala gundi haiui; Mwenyezi Mungu ndiye mtendaji. Akanikumbusha Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, na mfano wake maarufu wa pamba na moto katika kitabu chake cha kuwajibu wanafalsafa: tunaona pamba inaungua inapogusana na moto, lakini kuona viwili vikifuatana si kuona kimoja kikimlazimisha mwenzake. Kuungua kunaumbwa na Mungu, na akitaka, pamba itakaa motoni isiungue.

Sikubishana naye katika hilo. Sisi watu wa pwani tumesomeshwa itikadi hiyo na ninaishika. Ila nilimwomba tumsikilize Ghazali yuleyule mpaka mwisho. Katika kitabu chake cha Ihyaa, mlango wa tawakkul, yaani kumtegemea Mungu, anazigawa sababu mafungu matatu. Kuna za yakini, kama maji kwa mwenye kiu na mkate kwa mwenye njaa. Kuna za kudhania, kama kuumikwa na kunywa dawa. Na kuna za kuwazia tu, kama kujichoma mwili kwa chuma cha moto kutafuta afya. Kuacha hizi za tatu ndiyo tawakkul. Kuacha zile za kwanza, kwa mfano mtu kukaa mbele ya chakula asinyooshe mkono akingoja Mungu amuumbie shibe, kwake Ghazali si tawakkul hata kidogo. Ni wazimu, na ni kutoijua desturi ambayo Mungu amewawekea viumbe wake. Yaani aliyesema moto hauchomi kwa nguvu yake, ndiye huyohuyo anayekukataza kutia mkono motoni.

Mimi nayapanga matengenezo ya pikipiki kwa mafungu hayo, na sijaona mpangilio uliofaa zaidi. Sili mpya ni sababu ya yakini. Kubana klempu iliyolegea ni yakini, na wakati mwingine ni dhana njema tu kwa sababu mpira wenyewe umeshazeeka. Halafu kuna fungu la tatu: yai bichi, unga wa pilipili manga, na zile dawa za chupa za kumimina kwenye rejeta ili zizibe popote panapovuja. Zinaziba kweli. Zinaziba na mirija myembamba ya rejeta ambayo maji yanatakiwa kupita, ndipo injini inachemka na mwenye chombo haelewi kwa nini, maana havuji tena. Mtu anayemimina pilipili kwenye rejeta akasema “namwachia Mungu” hajamwachia Mungu chochote. Amekwepa.

Mwenzangu wa darsa alinyamaza muda, kisha akanipa jambo ambalo kwangu lilikuwa zawadi. Alinikumbusha safari ya Sayyidna Umar kwenda Sham. Alipofika Sargh, mpakani, akapata habari kwamba tauni imeingia huko. Akashauriana na watu, wakatofautiana, mwishowe akaamua kurudi Madina. Abu Ubaida, ambaye Umar alimpenda na kumheshimu, akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu, hiyo ambayo mitaani tunaiita kudra. Umar akamjibu kwamba anatoka kwenye kadari ya Mungu kwenda kwenye kadari ya Mungu.

Nimelitafakari jibu hilo nikiwa nimeinamia injini nyingi. Tukisema kadari huwa tunaiangalia ajali peke yake: injini iliyonoki, guta lililopinduka, mtoto aliyeungua. Kwani tone lililotangulia halikuwa kadari? Chumvi nyeupe iliyoganda kwenye maungio ya mpira wa maji, harufu tamu ya kulanti inayoungua juu ya ekzosi, maji ya chupa ya akiba yanayoshuka kila siku, vyote hivyo viliandikwa na Aliyeandika kunoki. Anayeipokea ya mwisho kwa unyenyekevu, na zile za kwanza akazipuuza, amechagua katika kadari kile kisichomdai kazi.

Ndiyo maana kutafuta panapovuja nakuhesabu kuwa ibada, na nakufanya kwa adabu. Tone huanguka palipo chini, si palipotoboka. Pikipiki ikiwa mwendoni, upepo huyachukua maji ya rejeta mbele ukayarusha nyuma, ukakuta silinda imelowa na hatia yote iko kwenye mpira wa juu. Kwa hiyo kwanza naosha injini ikiwa imepoa, naikausha, kisha napaka poda ya mtoto kwenye maungio yote ninayoyashuku. Maji yakitoka, poda inaandika mstari, na mstari unaufuata kwenda juu mpaka unapoanzia. Ninayo pia pampu ya mkono yenye geji inayofungwa mahali pa mfuniko wa rejeta. Unapandisha presha mpaka kiasi cha bar 1, kiwango kinachokaribia kile ambacho mifuniko mingi imetengenezwa kukishika, unaacha, unatazama mshale. Mshale ukishuka, kuna mahali. Na mfuniko wenyewe usisahaulike. Presha ndiyo inayofanya maji yasichemke kwenye nyuzi 100. Kwa bar 1 juu ya hewa ya kawaida yanahimili mpaka karibu 120. Mfuniko uliochoka springi huyaachia mapema, na mtu akabadilisha pampu nzima kwa kosa la mfuniko.

Kuna mivujo inayojitokeza moto tu, mpira ukishatanuka kwa presha. Na kuna inayojitokeza baridi tu, chuma na mpira vikishasinyaa usiku. Ikipata moto inajifunga yenyewe, na mteja anaapa kwamba anapoteza maji na wewe huoni hata unyevu. Hiyo inataka uamke. Nailaza pikipiki gerejini juu ya boksi lililokunjuliwa, na nikitoka msikitini Alfajiri, kabla jua halijapanda, naenda kulisoma boksi. Naupenda sana wakati huo. Mji umetulia, na kama kuna duara la kijani kwenye karatasi najua nitainua macho wapi.

Mwenzangu tunayeshirikiana gereji ni Mlutheri wa Lushoto, mtu wa Biblia. Nilipomsimulia maneno yangu na yule mwenzetu wa darsa, alisema kwao hilo limeshakuwa sheria tangu zamani: Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, inamwamuru anayejenga nyumba mpya aweke ukingo darini, asije mtu akaanguka na damu ikawa juu ya nyumba yake. Nikamwambia hapo Torati haijauliza kama aliyeanguka aliandikiwa kuanguka. Akasema, “Inauliza ukingo uko wapi.” Tangu siku hiyo tunalitumia swali hilo tukikagua kazi ya vijana wetu.

Lakini kilichonitia uchungu zaidi katika ile kesi ya machungwa si uzembe. Kijana hakuwa mzembe. Alikuwa anakagua maji kila asubuhi, na nadhani ndiyo maana aliwahi kuisimamisha injini kabla haijapasuka. Uchungu ni kwamba alipotamka “Mungu hakupanga”, aliyenufaika na tamko lile hakuwa yeye. Alikuwa mwenye kile kidole. Mtu mmoja alikula pesa ya kikoba cha mama, na dhulma yake ikafunikwa na uchamungu wa aliyedhulumiwa. Jambo hili ni la kale. Wanahistoria wa Kiislamu wanasimulia kwamba Basra, enzi za Bani Umayya, watu walimwendea Hasan al-Basri, aliyefariki mwaka 728, wakimlalamikia watawala wanaomwaga damu za Waislamu na kuchukua mali zao, kisha wanasema matendo yao ni kadari ya Mungu tu. Inasimuliwa kwamba aliwaita watawala hao waongo. Zile fujo za itikadi zilizofuata, za Kadaria na wengine, siziingii. Wanazuoni wamezimaliza na mimi si wa kuzifufua. Nachukua lile moja: kwamba neno takatifu linaweza kufanywa gundi, na anayelipokea bila kuuliza anamsaidia aliyepaka.

Sitaki nieleweke kwamba kila kitu kina mkosaji. Kuna kijana wa Soni aliyeniletea pikipiki yake, na alikuwa mtunzaji kuliko wateja wangu wote; kulanti anabadilisha kwa wakati, mipira mipya, klempu nilifunga mwenyewe. Alikuwa anapanda kutoka Mombo kwenda kumzika mjomba aliyemlea. Kwenye kona za kupandia Soni, lori lililokuwa mbele yake likarusha jiwe kwa tairi, jiwe likapita vyuma vya kinga likatoboa rejeta. Maji yote yakaisha mara moja. Alizima injini papo hapo, akafanya kila alichopaswa kufanya, injini ikapona. Mjomba alizikwa yeye akiwa amekaa kando ya barabara.

Alinisimulia nikiwa nimeshika rejeta mkononi. Lile tundu la jiwe lilikuwa dogo, safi, katikati kabisa. Niliangalia kama kuna kutu, kama mirija ilishakuwa myepesi, kama vyuma vya kinga vilikuwa vimepinda zamani. Hapakuwa na kitu. Nikamwambia, “Mdogo wangu, hii ni kadari.” Akainamisha kichwa akalia, na nadhani alikuwa amengoja mtu amwambie, kwa sababu njia nzima alikuwa anajihukumu: angetoka mapema, angepita lori, angekaa nyuma zaidi. Kwa huyu neno lilikuwa dawa. Lilimvua mzigo usiokuwa wake. Na niliweza kulisema kwa kinywa kipana kwa kuwa nilikuwa nimeshatafuta. Ningelisema kabla ya kuangalia, lingekuwa pole ya mdomoni.

Hapo ndipo nilipofikia, na sijaona sababu ya kurudi nyuma. Kadari ni itikadi yetu mwanzo hadi mwisho, lakini kuitaja kama jawabu la “kwa nini” ni haki ya aliyemaliza kutafuta.

Ile habari ya guta ilifika kwa imamu wa mtaa anaoishi muuzaji. Nilikwenda kutoa ushahidi, nikabeba kifuniko cha pampu na gundi yake. Muuzaji alianza na lilelile, kwamba vyombo huharibika na yote ni mapenzi ya Mungu. Imamu akakigeuza kifuniko, akaitazama ile alama, akamuuliza kama hicho ni kidole cha nani. Jibu halikutoka. Fikihi yetu ya Shafi iko wazi kwenye kitu kilichouzwa na aibu iliyofichwa: mnunuzi ana hiari ya kukirudisha, na kikishapata kasoro nyingine mikononi mwake, kurudisha kunakuwa kugumu, anastahili fidia ya thamani iliyopungua kwa aibu ya kwanza. Ndivyo alivyohukumu. Muuzaji alilipa kwa mafungu. Haikutosha injini nzima, ilitosha pampu, beringi na sehemu ya mkopo, na kijana amerudi barabarani.

Sasa nasema na mafundi wenzangu, wa Tanga na kwingineko. Mtakuja kuletewa chombo kinachodondosha maji chini ya pampu, na mwenyewe atawaambia ana haraka, kuna mnunuzi anakuja jioni, azibiwe tu. Mwambieni sili inagharimu kiasi gani na itachukua saa ngapi. Akikataa, mrudishieni ufunguo wake. Atakwenda kwa fundi mwingine, aende.